Nyakati za Vitenzi vya Kiingereza katika Kueleza Picha

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo ambalo kwa kulitazama juu juu huonekana dogo, lakini huwatatiza wanafunzi wetu wa Kiingereza, wafasiri wetu, na watunzaji wa picha za kale. Mtu akitaka kueleza kwa Kiingereza yaliyomo katika picha, atumie wakati gani wa kitenzi? Picha yaweza kuwa ya jana au ya miaka sitini iliyopita. Aliyemo pengine amekwisha kufariki, na nyumba iliyo nyuma yake pengine imekwisha kubomoka. Hata hivyo Mwingereza huitazama picha hiyo na kusema kwa wakati uliopo. Mwanafunzi wetu hushangaa, na mshangao wake una haki.

Wala jambo hili si la kupitishia muda darasani. Katika mtihani wa Cambridge uitwao B2 First, mtahiniwa hupewa picha mbili na kutakiwa azizungumzie kwa muda wa dakika moja. Mtihani wa TOEIC wa kusema nao una sehemu ya kueleza picha, na wa Duolingo vivyo hivyo. Kwa matokeo ya mitihani ya namna hii watu hupata nafasi za masomo na kazi, au huzikosa. Mtahiniwa asemaye «A man has stood near the boat» huhesabiwa kuwa hakijui Kiingereza. Kumbe alilolifanya ni kuifuata kwa uaminifu taratibu ya lugha yake mwenyewe. Mwalimu asiyeitambua taratibu hiyo atalisahihisha kosa lile mara mia, nalo litarudi mara mia na moja.

Hoja nitakayoitetea ni hii: katika kueleza picha, wakati wa kitenzi hauonyeshi saa ya tukio. Waonyesha msemaji anashuhudia nini: jambo analoliona katika picha, jambo analolikisia kwa dalili zilizomo, au jambo analolijua kwa habari zilizo nje ya picha. Kiswahili nacho huyatenga mambo haya matatu, ila kwa alama zake chenyewe. Tatizo huzuka pale mtu anapofasiri alama kwa alama, badala ya kufasiri ushahidi kwa ushahidi.

1. Wakati wa tukio na wakati wa kutazama

Kila picha ina nyakati mbili. Wa kwanza ni ule wa tukio, yaani nukta ile picha ilipopigwa. Wa pili ni ule wa kuitazama, picha ikiwa mbele ya macho yetu. Wa kwanza umepita na hautarudi. Wa pili hurudi kila picha inapotazamwa.

Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alionyesha ya kuwa haitoshi, katika kuzichambua nyakati za vitenzi, kutaja wakati wa kusema na wakati wa tukio peke yake. Pana na wakati wa tatu, ule ambao msemaji huusimamia anapolitazama tukio. Mwaka 1994 Wolfgang Klein aliiendeleza fikra hii, akasema ya kuwa kazi hasa ya wakati wa kitenzi ni kuuhusisha wakati wa kusema na ule unaozungumziwa, wala si na ule wa tukio lenyewe.

Tukiufuata uchambuzi huu, fumbo la picha hufumbuka. Anayeeleza picha haizungumzii asubuhi ile ya mwaka ule. Aizungumzia picha iliyo mkononi mwake, na wakati unaozungumziwa ni sasa. Ndiyo sababu Mwingereza husema «A woman is drawing water from a well», hata kama kisima kile kimekauka zamani. Kwa sentensi hiyo hadai ya kuwa mwanamke yule yu hai, wala ya kuwa kisima kina maji. Adai tu ya kuwa picha yaonyesha hivyo. Sisi wenyewe hufanya kama hayo katika kuzungumzia maandishi. Twasema, «Shaaban Robert anaeleza katika insha zake», hali twajua ya kuwa alifariki mwaka 1962. Insha ipo mbele yetu, na ndiyo tunayoizungumzia.

2. Maumbo mawili ya wakati uliopo

Ugumu wa kwanza ni kwamba Kiingereza kina maumbo mawili ya wakati uliopo pale ambapo sisi mara nyingi tunatosheka na alama moja ya -na-. Sentensi yetu «Mtu huyu anauza samaki» yaweza kuwa jibu la swali «Anafanya nini pale?» na pia la swali «Anafanya kazi gani?» Kiingereza hakikubali kulibeba jambo hili kwa umbo moja. «The man is selling fish» ni habari ya tendo linaloendelea mbele ya macho. «The man sells fish» ni habari ya kazi yake ya kila siku, jambo ambalo sisi tukipenda tungelidhihirisha kwa kusema «huuza samaki».

Kutokana na hayo yafuata kanuni ya kwanza. Tendo linaloonekana katika picha hutajwa kwa umbo endelevu, kwa sababu picha hunasa nukta moja tu, na nukta moja haiwezi kuwa ushahidi wa mazoea. Mtu aliyemo katika picha akiwa ameshika samaki pengine ni mnunuzi, pengine ni mgeni aliyeombwa amshikie mwenzake. Anayesema «sells» amekwisha kudai zaidi ya alichokiona.

Umbo sahili lina mahali pake, lakini ni kwa vitenzi vya hali: «The house has a thatched roof», «The old man looks tired», «The photograph shows a harbour». Hapa hapana tendo linaloendelea, bali namna kitu kilivyo. Tena Kiingereza hutofautisha hali ya kudumu na hali ya kupita hata kwa kitenzi kimoja. Msikiti ulio pwani husemwa «stands», kwa kuwa ndipo ulipojengwa. Mvuvi aliye karibu nao husemwa «is standing», kwa kuwa baadaye ataondoka.

Asili ya kitenzi nayo ina nguvu zake. Mwaka 1957 Zeno Vendler aliyagawa maneno haya katika mafungu manne kwa jinsi yanavyohusiana na wakati: ya hali, ya shughuli, ya shughuli yenye kikomo, na ya jambo litimialo kwa nukta moja. Fungu hili la mwisho ndilo la kuangaliwa sana. Tuchukue mfano wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Basi picha iliyopigwa katika mzunguko wo wote wa mbio zile yaweza kuelezwa kwa Kiingereza «Bayi is winning the race». Maneno hayo maana yake ni kwamba anaongoza, wala hayasemi kama atashinda. Picha ya ukomo wa mbio ndiyo iwezayo kubeba «Bayi wins the race». Mwanafunzi anayedhani ya kuwa umbo endelevu ni salama mahali pote atakuwa amemnyang'anya mshindi ushindi wake bila ya kujua.

3. Alama ya -me- na hali ya mwili

Sasa tufike penye chimbuko la makosa yaliyo mengi. Katika Kiswahili, mtu tunayemwona katika picha hatusemi «anasimama» bali «amesimama». Hatusemi «anavaa kanzu» bali «amevaa kanzu». Kwetu «anasimama» ni kuinuka kutoka kitini, na «anavaa» ni kuingiza mikono katika nguo. Tendo likiisha, matokeo yake hubaki kuwa hali, na hali hiyo huibeba alama ya -me-: ameketi, amelala, ameinama, ameegemea ukuta, ameshika fimbo, amebeba mtoto, amepanda baiskeli.

Mwanafunzi aliyefundishwa ya kuwa -me- ni sawa na «has» hufasiri kwa kufuata mafundisho hayo, akaandika «He has worn a white kanzu». Kwa masikio ya Mwingereza, sentensi hiyo yasema ya kuwa mtu huyu amepata kuvaa kanzu nyeupe wakati fulani katika maisha yake, na pengine sasa hakuivaa. Yaani mfasiri ametoa maana iliyo kinyume cha picha. Kiingereza husema «He is wearing a white kanzu», na vivyo hivyo «is sitting», «is lying», «is bending», «is leaning», «is holding», «is carrying», «is riding». Tendo la kuingia katika hali hiyo ndilo linalohitaji maneno mengine: «is standing up», «is sitting down», «is putting on».

Kwa vitu visivyo na uhai, hali iliyobaki hutajwa kwa neno la sifa baada ya «is»: kikombe kilichovunjika ni «The cup is broken», mlango uliofungwa ni «The door is closed».

Je, wakati timilifu wa Kiingereza hauna nafasi kabisa katika picha? Unayo, na nafasi yake ni nzuri. Ni wakati wa kukisia kwa dalili. Tukiona barabara ina madimbwi na watu wamekunja miavuli, twaweza kusema «It has been raining». Tukiona baiskeli imeegemezwa ukutani na mwenyewe hayupo, twaweza kusema «Somebody has left a bicycle against the wall». Mvua haionekani, wala mwenye baiskeli haonekani. Kinachoonekana ni athari yao, na wakati timilifu huifunga athari iliyopo na sababu iliyopita. Basi mwanafunzi asikatazwe «has». Afundishwe ya kuwa neno hilo ni la mtu anayesoma dalili.

4. Mtego wa kirejeshi na wa kanusho

Kosa jingine halitajwi sana, ingawa asili yake ni hiyo hiyo. Katika Kiswahili sanifu alama ya -me- haichukui kirejeshi cha katikati. Kwa hiyo tunapotaka kumtambulisha mtu kwa hali yake, twaitumia alama ya -li-: «mtu aliyesimama kushoto», «mwanamke aliyevaa miwani», «mtoto aliyelala». Hapa -li- si ya wakati uliopita hata kidogo. Mtu aliyesimama kushoto amesimama hivi sasa katika picha.

Mfasiri asiyelitambua jambo hili ataandika «the man who stood on the left», «the woman who wore glasses». Msomaji wa Kiingereza atauliza: je, sasa hasimami tena? Miwani ameivua? Ufasiri ulio sawa ni «the man standing on the left» na «the woman wearing glasses». Makosa ya namna hii ni ya kuangaliwa hasa katika majina ya watu waliomo katika picha ya kundi, kwa sababu humo ndimo kirejeshi kinamotumika zaidi.

Kanusho nalo lina mtego wake. Kinyume cha «amevaa viatu» ni «hakuvaa viatu» au «hajavaa viatu», kwa kutegemea kama twatarajia kwamba atavivaa. Anayefasiri herufi kwa herufi ataandika «He did not wear shoes» au «He has not worn shoes». Picha hainenei siku nzima ya mtu huyo, wala maisha yake. Yaonyesha miguu mitupu. Basi ni «He is not wearing shoes», au kwa ufupi «He is barefoot».

5. Alama ya -ki- na maelezo ya magazetini

Magazeti yetu yana taratibu yake ya kuandika chini ya picha, na taratibu hiyo ni ya kusifiwa. Chini ya picha mashuhuri ya mwaka 1964, huandikwa «Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar». Haiandikwi «anachanganya», wala si lazima iandikwe «alichanganya». Alama ya -ki- haina wakati wake yenyewe. Huuazima kwa kitenzi kikuu. Hapa kitenzi kikuu kimeachwa, na msomaji hukijaza mwenyewe: anaonekana, au tunamwona, akichanganya udongo. Kwa hila hii ya lugha, mwandishi hulionyesha tendo bila ya kusema ya kuwa liko sasa au lilikuwa zamani. Mwaka ulioandikwa pembeni hutosha.

Mfasiri akitaka kulipeleka neno hili katika Kiingereza ana njia tatu, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza, iliyo karibu zaidi na -ki-, ni kuliacha neno la «is»: «Nyerere mixing soil from Tanganyika and Zanzibar, 1964». Huu ni mtindo wa albamu na makumbusho. Si sentensi kamili, kwa hiyo haufai katika jibu la mtihani. Ya pili ni ya magazeti: «Nyerere mixes soil from Tanganyika and Zanzibar, Dar es Salaam, 1964». Ya tatu ni ya anayeieleza picha kwa mdomo: «In this picture Nyerere is mixing soil».

Njia ya pili huwashangaza wengi, maana wakati uliopo umekaa pamoja na mwaka uliopita. Ni desturi ya mashirika ya habari. Associated Press, kwa mfano, huandika sentensi ya kwanza ya maelezo kwa wakati uliopo pamoja na tarehe na mahali, kisha sentensi ya pili hueleza kwa wakati uliopita habari zinazolizunguka tukio. Tarehe ile si ya kitenzi. Ni lebo ya picha, kama lebo ya chupa. Katika insha ya kawaida, penye masimulizi yasiyo na picha, Mwingereza atasema «In 1964 Nyerere mixed the soil», na desturi ya magazeti haitamwokoa anayefanya vinginevyo.

6. Wakati uliopita na ushahidi wa nje

Umebaki wakati uliopita. Huu ni wa mambo ambayo picha haiwezi kuyaonyesha: ilipigwa lini, na nani, kwa sababu gani, na nini kilifuata. «The picture was taken in 1974.» «We were waiting for the ferry.» Anayesema hivi ameacha kuitazama picha, ameingia katika kumbukumbu au katika hati.

Uzito wa tofauti hii waonekana vizuri katika picha moja iliyoenea duniani, ile aliyoipiga Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945 juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani. Wanaonekana watu sita wakisimamisha mlingoti wa bendera ya Marekani. Majina yao yalitangazwa, na majina hayo yalipaswa kusahihishwa mara tatu. Mwaka 1947 ilithibitishwa ya kuwa mmoja wao ni Harlon Block, wala si Henry Hansen. Mwaka 2016 jeshi la wanamaji wa Marekani lilitangaza ya kuwa John Bradley hakuwamo, na aliyekuwamo ni Harold Schultz. Mwaka 2019 jina la Rene Gagnon liliondolewa, likawekwa la Harold Keller.

Sasa na tulinganishe sentensi mbili. «Six men are raising a flag» ilikuwa kweli mwaka 1945, ni kweli leo, na mtu ye yote mwenye macho aweza kuihakiki. «Bradley raised this flag» ilisadikiwa kwa zaidi ya miaka 70, nayo haikuwa kweli. Ya kwanza yategemea picha. Ya pili yategemea habari iliyoletwa kutoka nje. Wakati wa kitenzi ndio unaomwonya msomaji ni ipi aweza kuihakiki kwa macho, na ni ipi anaipokea kwa kumwamini msemaji. Tena yafaa kutambua ya kuwa «are raising» haisemi kama mlingoti ulisimama. Katika picha umeinama bado. Anayeandika «have raised» amewasimamishia mlingoti watu ambao wangali wakiusukuma.

Katika picha za jamaa zetu jambo hili lina uzito wa namna nyingine. Mjukuu aweza kuandika nyuma ya picha: «This is my grandmother. She is sitting on a mat. She made pots.» Sentensi mbili za kwanza ni za picha, na hazimwambii msomaji kama bibi yu hai. Ya tatu ni ya maisha yake, nayo yatuarifu ya kuwa ufinyanzi ule umekwisha, kwa uzee au kwa mauti. Angeandika «She makes pots», msomaji angedhani ya kuwa bibi angali akifinyanga. Tofauti ni ya neno moja, lakini yatosha kumfufua mtu au kumzika.

7. Njia ya kufundishia

Kwa hiyo mwalimu asianze kwa kuwakaririsha wanafunzi jedwali la nyakati. Awape picha, kisha awafundishe kujiuliza maswali matatu kabla ya kufungua kinywa. La kwanza: je, jambo hili naliona? Kama ni tendo au mkao wa mtu, litumiwe umbo endelevu, iwe Kiswahili kingesema -na- au -me- au -ki-. Kama ni namna kitu kilivyo, umbo sahili. La pili: je, nalikisia kwa athari ninayoiona? Hapo ndipo mahali pa wakati timilifu. La tatu: je, nalijua kwa habari ambayo haimo katika picha? Basi ni wakati uliopita, na ajiandae kuulizwa alilipata wapi.

Maswali haya yafaa pia kwa watunzaji wa hazina za picha, ambao siku hizi wanatakiwa kuandika maelezo kwa lugha mbili. Picha nyingi za nchi zetu zimebaki na lebo fupi zilizoandikwa na watu ambao hawapo tena, na mara nyingi lebo hizo zimechanganya linaloonekana na lililosimuliwa. Anayezifasiri ayatenge tena: sentensi ya kwanza ya yale yaliyomo, kwa wakati uliopo, sentensi ya pili ya yale yaliyopokewa, kwa wakati uliopita, pamoja na mwaka wake. Hivyo jina likija kugunduliwa kuwa si sahihi, litafutwa peke yake, na ushahidi wa picha utabaki ulivyo.